Ukuta Unaouma

Ponsiano aliingia darini kwa tumbo, kama mtu anayepita chini ya seng'enge. Joto la bati lilimlalia mgongoni, vumbi la kinyesi cha popo likamjaa puani, na kila alipotaka kuhamisha goti alipapasa kwanza kutafuta mbao ya kenchi, maana silingibodi hazibebi mtu. Tochi alikuwa ameing'ata kwa meno. Nyuma yake alivuta waya mweupe mnene, aliokuwa ameufunga kiunoni kama ng'ombe anayekokota jembe.

"Umefika?" Aurelia, mkewe, aliuliza kutoka chini. Alikuwa amesimama sebuleni akishika fungu la waya lisijikunje.

Ponsiano aliitoa tochi mdomoni. "Bado. Legeza."

"Nimelegeza."

"Legeza tena, umekwama."

Ulikuwa umekwama kweli, mahali fulani nyuma yake, penye giza. Ponsiano alijaribu kugeuka, kichwa kikagonga bati. Akaushika waya kwa mikono miwili na kuuvuta kwa nguvu zake zote. Kitu kilikwaruza, waya ukaachia. Hakurudi kutazama uliponasa. Nani angerudi ndani ya tanuri lile?

Nyumba yao ya Lipangalala ilikuwa na umeme tangu zamani, lakini wa vyumba vya mbele tu. Chumba cha nyuma, kilichoshikana na nyumba ila mlango wake ukafungukia uani, hakikuwa hata na balbu. Humo alilala Bibi Leticia, mama yake Ponsiano. Na mbele, barazani, kulikuwa na Kudra, mpangaji aliyekigeuza chumba chake kuwa duka la vinywaji baridi. Friza yake ilikula umeme kwa waya wa kuunga uliokatiza sebule nzima, na waya huo ulipata moto hadi ukanuka. Kudra alilisema jambo hilo kwa adabu, lakini alilisema: "Baba Dorika, nisipopata soketi yangu mwenyewe itabidi nitafute duka Kibaoni." Kodi yake ndiyo iliyomsomesha mtoto wao, Dorika, huko bweni.

Fundi Viktor aliitwa. Alitazama, akasema ukuta uchimbwe, nyaya zipite ndani ya mabomba, na waya wa kupeleka umeme ardhini ufungwe upya. Alipotaja bei, Ponsiano alicheka kwa pua. Yeye aliendesha mashine ya kukoboa mpunga, na tangu ujana alikuwa akifungua redio za watu na kuzifunga zikaimba.

"Waya ni waya," alimwambia mkewe fundi alipoondoka. "Unatoka hapa, unafika pale. Video zote ninazo kwenye simu. Nitapita darini mwenyewe."

Sasa alikuwa amefika juu ya chumba cha mama yake. Aliuteremsha waya katika tundu, akashuka, akaenda kuulaza ndani ya mfereji alioutoboa kwa tindo pembeni ya mlango wa chuma. Bomba halikuingia, mfereji ulikuwa mwembamba, na kila alipogonga zaidi tofali lilimeguka. Akaulaza waya hivyo hivyo, bila bomba, akaufunika kwa sementi na kulainisha kwa kipande cha ubao. Jua lilipotua aliweka balbu, na kwa Kudra soketi kwenye laini hiyo hiyo.

Bibi Leticia alikaa kitandani akaitazama ile taa ikiwaka juu yake, akapiga vigelegele peke yake mpaka Kudra akaja mbio kuuliza kuna arusi gani.

*

Furaha haikudumu. Kwenye sanduku la swichi kuu, barazani, breka, kile kidude kinachokata umeme penye hitilafu, ilianza kuanguka. Ponsiano aliipandisha, ikakaa kidogo, ikaanguka tena. Siku za jua ilivumilia. Mvua ikinyesha haikukubali kabisa. Nyumba nzima iliingia gizani, barafu za Kudra zikayeyuka, na wateja wakarudishiwa pesa zao.

"Baba Dorika, kabla hujatengeneza tulikuwa na umeme," Kudra alisema. Aliongea polepole, kama mtu anayechagua mchele. "Sasa umetengeneza, hatuna."

Maneno hayo yalimchoma Ponsiano. Siku iliyofuata Aurelia akiwa sokoni na samaki wake wa kukaanga, Ponsiano alilifungua lile sanduku peke yake. Aliporudi mkewe, friza ilikuwa inanguruma vizuri, na tangu hapo breka haikuanguka tena.

"Ilikuwa na nini?" Aurelia aliuliza.

"Imechoka tu. Nimeirekebisha."

Walifurahi kwamba jambo limekwisha.

*

Wa kwanza kusema alikuwa Bibi Leticia.

"Ponsiano, ukuta wangu unauma."

Alikuwa amesimama uani asubuhi, kaniki begani, mkono mmoja ameushika kwa mwingine kama mtoto mchanga. Alisema alipapasa ukuta karibu na mlango ili atoke, kama alivyofanya siku zote kwa kuwa macho yake hayaoni vizuri, na ukuta ukamuuma. Si kuchoma, si kukwaruza. Ulimuuma kuanzia kiganjani mpaka kwapani.

Ponsiano alikwenda. Alisimama pale na kandambili zake miguuni, akakipiga kiganja chake kikavu ukutani, mara ya kwanza, mara ya pili. Akaushika na mlango wenyewe wa chuma, akautikisa.

"Mama, mbona hakuna kitu?"

"Mimi nakwambia unauma."

"Labda ni ganzi. Ni uzee, mama. Damu haitembei."

Ukamuuma tena keshoye, na kesho kutwa. Alianza kuogopa kutoka chumbani. Alikaa katikati ya kitanda chake cha mbao, magoti kifuani, akibana haja mpaka Aurelia aje amshike mkono. Siku moja alishindwa kusubiri. Aurelia alizifua shuka kimya kimya na kuzianika nyuma ya banda ili watu wasione, lakini Mbuke, jirani yao, aliona, na kabla ya jua kuzama nyumba za karibu zilikuwa zimejua kwamba mama yake Ponsiano anasema kuta zinamla.

Ponsiano aliona aibu. Aibu ile ikageuka ukali.

"Mama, unatutangaza!" alimkaripia uani, kwa sauti iliyovuka ua. "Watu wanasema nyumba yangu ina mashetani. Ukuta hauumi! Umesikia? Akili zako zimechoka!"

Bibi Leticia alimtazama mwanawe kwa yale macho yenye ukungu. Aligeuka, akatafuta mlango kwa kidole kimoja, akauondoa mkono haraka, akaingia ubavuubavu bila kugusa kitu.

*

Jumuiya ilikuja kumwombea. Katekista Edward alitangulia, akiwa na mabuti yake ya mpira kwa sababu njia zilikuwa tope, nyuma yake akina mama na mwavuli mmoja baina yao. Walijaa kwenye kile chumba kidogo. Walimzunguka bibi kitandani, wakasali rozari, wakaimba. Edward hakuwa mtu mbaya. Alimshika mabega kwa upole, akamwombea atulizwe moyo na kuondolewa hofu za usiku.

"Mimi siumwi, katekista," Bibi Leticia alisema walipomaliza. "Ukuta ndio unaoniuma mimi."

Mwanamke mmoja aliinamisha uso kuficha kicheko. Edward aliliendea lile eneo pembeni ya mlango, akaweka kiganja chake chote ukutani, akakiacha pale huku mabuti yake yakidondosha maji sakafuni.

"Ona, mama. Ukuta ni ukuta tu."

Ponsiano alikuwa amesimama mlangoni, akashusha pumzi ya mtu aliyeshinda kesi. Bibi Leticia alivuta kaniki yake juu ya kichwa, na hakusema tena habari ya ukuta kwa mtu yeyote.

Siku chache baadaye ilikuwa zamu ya Aurelia. Alikuwa anadeki chumba cha mkwewe, peku, maji yakimlowesha nyayo. Aliinuka, akanyoosha mkono ajishikize kwenye fremu ya mlango. Kitu kilimshika. Hakikumpiga, kilimshika, kama mkono uliotoka ndani ya chuma, na kwa kitambo hakuweza kufungua vidole vyake. Kisha akaanguka kinyumenyume, ndoo ikabingirika.

Alikaa sakafuni kwenye maji akitetemeka. Juu ya kitanda, Bibi Leticia alikuwa anamtazama. Hakuwa na haja ya kuuliza kitu.

"Mama," Aurelia alisema kwa sauti isiyo yake. "Mama, nisamehe."

Jioni ile alimweleza mumewe. Ponsiano aliweka kijiko chini.

"Na wewe umeambukizwa?"

"Nimeshikwa, Baba Dorika. Mkono wangu ulikataa kuachia."

"Uliteleza ukaogopa. Mama amekujaza maneno."

"Basi mwite Viktor aje atazame tu."

"Nimwite Viktor aje anicheke?" Aliinuka. "Nimekaa darini siku nzima nikipikwa kama ugali, mmepata umeme, mpangaji amebaki, halafu kazi yangu inatukanwa ndani ya nyumba yangu. Sitaki kusikia tena."

Aurelia alikusanya vyombo. Lakini tangu siku ile hakukanyaga chumba kile bila viatu vya raba, na alimnunulia mkwewe kandambili mpya.

"Ndani ya nyumba, na viatu?" Bibi Leticia alizisukuma chini ya kitanda. "Hapana, mwanangu. Sijazoea."

*

Mvua kubwa kuliko zote ilianza mchana, baada ya chakula. Kulikuwa na giza la mawingu kiasi kwamba watu waliwasha taa. Mto Lumemo ulikuwa umejaa tangu juzi, mitaro ya Lipangalala haikuwa na pa kumwaga, na maji yalianza kurudi nyuma, yakaingia uani kutoka barabarani, mekundu, yakibeba makapi ya mpunga. Mashine ilikuwa imefungwa, hivyo Ponsiano alikuwa nyumbani, amelala kwenye kochi sebuleni. Bibi Leticia alikuwa chumbani kwake, amejifungia komeo kwa ndani kwa mkono aliouzungushia kaniki, kama kawaida yake akitaka kusinzia.

Aurelia alikuwa kwenye kibaraza cha jikoni, akiinua magunia ya mkaa yasilowe. Aliwaona bata wake wakitoka bandani kwa furaha, bata na mvua wakiwa marafiki. Jike kubwa lilikatiza uani, likielea kidogo na kutembea kidogo, likaelekea penye kizingiti cha chumba cha bibi ambako makapi yalikuwa yamekusanyika. Lilipokaribia mlango wa chuma, shingo yake ilinyooka ghafla. Mabawa yalitetemeka. Kisha likalala ubavu majini na kuanza kuzunguka polepole, likipelekwa na mkondo.

La pili lililifuata. Nalo likalala.

Aurelia aliacha gunia likaanguka. Mguu wake mmoja ulikuwa tayari umenyanyuka kuvuka uani, akaurudisha kana kwamba ardhi imepotea.

"Baba Dorikaaa! Zima umeme! Zima umeme!"

Ponsiano alitokeza macho yakiwa na usingizi. Mkewe alimwonyesha bata kwa kidole. Ponsiano alivitazama vile viumbe viwili vyeupe, akatazama mlango wa chuma, na Aurelia aliona rangi ikimtoka usoni. Akakimbia kupitia sebuleni hadi baraza la mbele. Swichi kuu ikalia kwa kishindo. Taa ya jikoni ikazimika, ya sebuleni ikazimika.

"Nimezima!" alipiga kelele.

Lakini kupitia dirisha dogo la nondo, ng'ambo ya maji, taa ya chumba cha Bibi Leticia ilikuwa bado inawaka.

"Hujazima! Ya mama inawaka!"

Kule mbele, Kudra alitoka dukani kwake akiwa ameshika ufagio aliokuwa anazuilia maji. Alimtazama mwenye nyumba wake, aliyesimama mbele ya swichi kuu, mkono bado umeishika.

"Baba Dorika, si umezima?"

"Nimezima."

"Mbona friza yangu inanguruma?"

Mvua ilikuwa inapiga bati kama watu wanaotupa kokoto, na katikati ya kelele hiyo ngurumo ya friza ilisikika wazi.

"Shemeji," Kudra alisema, na sasa hakuchagua tena maneno. "Umefanya nini?"

"Ile laini mpya haipiti kwenye swichi." Alimeza mate. "Breka ilikuwa inatusumbua. Hiyo laini nikaiunga juu ya swichi kuu. Umeme unaingia moja kwa moja."

"Laa ilaha..." Kudra aliangusha ufagio. Alichukua simu, akapiga namba ya dharura ya watu wa umeme. Alijibiwa kwamba nguzo zimeanguka sehemu nyingi, gari linakuja, lakini maji yamekata barabara. Wasubiri. Wasiguse kitu chochote cha chuma.

"Kuna bibi ndani!" Kudra aliipigia simu ukelele. "Maji yanaingia chumbani, kuna bibi kizee ndani!"

*

Yalikuwa yanaingia kweli. Aurelia, amening'inia ukingoni mwa kibaraza, aliweza kuona kupitia dirishani kitanda na nusu ya sakafu, na sakafu ilikuwa inang'aa. Kandambili mpya zilitoka chini ya kitanda zikielea. Bibi Leticia alikuwa ameamka. Aliketi ukingoni, kichwa upande, akisikiliza maji.

"Mama! Usishuke! Mama, kaa juu!"

"Eee?" Mvua ilimeza maneno. "Nani huyo?"

"Aurelia! Usishuke kitandani!"

"Maji yameingia, mwanangu. Nakuja kufungua."

"Usifungue! Mama, usiguse mlango!"

Bibi kizee aliushusha mguu mmoja. Ulining'inia pale, mwembamba, unyayo mweupe kwa unga wa uzee, juu kidogo tu ya maji. Majirani walikuwa wameanza kusimama ng'ambo ya ua, Mbuke mbele yao na gunia la nailoni kichwani, na wote walikuwa wanapiga kelele kwa pamoja, bibi kaa, bibi toka, hivi kwamba hakuna neno lililofika.

"Mnasema nini?" Bibi Leticia aliuliza kwa uchungu. "Mnanifungia? Mmeamua kunifungia kama mwendawazimu?"

Ndipo Aurelia alipojua neno la kusema. Aliwageukia majirani na kuwapungia mikono wanyamaze. Akavuta pumzi mpaka mbavu zikamuuma.

"Mama! Ulikuwa unasema kweli!"

Mguu ulisimama hewani.

"Unasemaje?"

"Ulikuwa unasema kweli! Ukuta unauma! Umeme uko ndani ya ukuta, sasa umeingia kwenye maji. Bata wamekufa hapa mlangoni. Ukishuka utakufa, mama!"

Bibi Leticia alitega sikio kuelekea dirishani.

"Rudia," Bibi Leticia alisema.

"Ulikuwa unasema kweli! Sisi ndio tulikosea! Akili zako ni nzima!" Aurelia alikuwa analia sasa, na hakujali nani anasikia. "Nakuomba, mama. Pandisha mguu."

Bibi Leticia alipapasa ukingo wa godoro. Kisha akaupandisha mguu, akausogeza mwili wake mpaka katikati ya godoro, akakunja magoti na kuyafunika kwa kaniki.

"Basi mwambie mwanangu afanye haraka," alisema. "Nimebanwa na mkojo."

*

Barazani, Ponsiano alikuwa ameshika plaizi ya kukatia waya, yenye mikono ya mpira, na hakuweza kwenda mbele. Kudra alimletea kreti la soda la plastiki, tupu, akaligeuza na kulisukuma kwa ufagio mpaka chini ya sanduku. Mvua ilirusha matone mpaka ukutani. Ponsiano alijifuta mikono kwenye shati. Shati lenyewe lilikuwa limelowa. Kudra akavua mtandio wake mkavu, akabaki kichwa wazi mbele ya watu, akamrushia.

"Futa. Futa hata vidole."

Alifuta. Alipanda juu ya kreti. Alilifungua sanduku kwa ncha ya bisibisi, na ndani yake aliuona waya wake mweupe ukitoka juu ya swichi, pale alipoukaza mwenyewe siku ile akijisifu kwa akili yake. Karibu nao, upana wa kidole tu, ulikuwa waya mkubwa unaotoka nguzoni, ambao hakuna swichi duniani ingemzimia.

"Siwezi," alisema. "Kudra, siwezi."

"Mama yako hana mwingine."

"Nikigusa ule mwingine..."

"Usiuguse, basi!"

Kutoka nyuma ya nyumba ilikuja sauti ya Aurelia, ikipasuka: "Maji yamefika mbao za kitanda!"

Ponsiano alianza kusali Salamu Maria akaikosea katikati, akaanza tena, akaikosea palepale. Alipeleka plaizi. Ncha zake ziligonga pembe ya sanduku, akazirudisha kifuani kama aliyeungua. Akashika kifundo cha mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, kuutuliza. Akapeleka tena. Meno ya plaizi yaliuma waya mweupe. Akafumba macho, akabana.

Cheche ilipiga kama kofi. Ponsiano alianguka kutoka kwenye kreti akagonga mgongo sakafuni, na Kudra akapiga ukelele uliomfanya Aurelia, kule nyuma, aanguke magotini akidhani amekuwa mjane.

"Nipo," Ponsiano alisema sakafuni. "Nipo. Sikiliza friza."

Kudra alitega sikio mlangoni mwa duka lake.

"Imenyamaza."

"Na taa ya mama?"

"Imezimika!" Aurelia aliitikia. "Imezimika!"

Lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuingia majini. Majirani walisimama ng'ambo ya ua, miguu yao nyuma ya mstari wa maji. Ponsiano alipita katikati ya nyumba akichechemea, akafika kwenye kibaraza cha jikoni, akasimama kando ya mkewe. Wote wawili waliwatazama bata. Aurelia alimshika mumewe mkono, kisha akauachia. Ponsiano akashuka.

Maji yalimfika magotini. Hakufa. Alikokota miguu hadi kwenye mlango wa chuma, akasimama mbele yake, akaushika. Aliubamiza kwa viganja vyote viwili.

"Mama, fungua. Ni mimi."

Alitoka naye mgongoni, kaniki ya mama yake imemfunika na yeye kichwa. Bibi Leticia alikuwa amekojoa njiani, juu ya mgongo wa mwanawe. Mbuke aliangalia pembeni. Hapakuwa na mtu aliyecheka.

*

Bibi Leticia hakutaka kulala upande wa mwanawe, akahamia kwa Kudra. Alilazwa kwenye mkeka kati ya makreti, na asubuhi Kudra alimchemshia chai ya tangawizi na kumsimulia habari za wateja wake. Watu walipita kununua maji wakamkuta pale, mama mzazi wa mwenye nyumba, amelazwa dukani kwa mpangaji. "Shikamoo, bibi," walisema, na macho yao yalimpita yakatafuta mlango wa Ponsiano.

Katekista Edward alikuja bila mtu nyuma yake. Alichuchumaa mbele ya mkeka, akavua kofia.

"Mama, nilikuombea vibaya."

"Uliniombea vizuri," bibi alijibu. "Ulivaa mabuti tu."

Maji yalipopungua, Fundi Viktor aliletwa. Alivunja sementi pembeni ya mlango, akauvuta waya nje, akakikuta kipande kilichochunika ngozi yote, shaba ikiwa wazi imekaa juu ya fremu ya chuma, tofali limegeuka jeusi. Ponsiano alikitazama. Alikumbuka kile kitu kilichokwaruza darini. Fundi alipitisha nyaya kwenye mabomba, akapigilia chuma kipya cha kupeleka umeme ardhini, akafunga breka mpya. Ponsiano aliuza redio zake zote na baiskeli, na pesa zilizopungua alikopeshwa na Kudra kwa kukatana kwenye kodi.

Siku ya kuwasha, alikwenda dukani kumchukua mama yake.

"Shikamoo, mama. Kumekwisha. Twende nyumbani."

"Marahaba. Viktor amewasha?"

"Amewasha."

"Basi tangulia wewe. Uguse kuta zote, mimi nikisikiliza."

Ponsiano alitabasamu, kisha akaona mama yake hatabasamu. Walikwenda uani. Aurelia alikuwepo, na Kudra, na Viktor akiwa na begi lake la vifaa. Na ng'ambo ya ua Mbuke aliacha kupepeta. Ponsiano aliweka mguu kizingitini.

"Viatu," Bibi Leticia alisema.

Akavua.

"Aurelia, mwaga maji sakafuni. Kama siku ile ulipodeki."

Aurelia alimwangalia mumewe. Akachota ndoo, akamwaga. Maji yalitambaa mpaka kwenye vidole vya Ponsiano, na akarudi nyuma bila kutaka.

"Hakuna tatizo, mzee," Viktor alisema kwa upole. "Nimepima."

Ponsiano aliujua ukweli huo kwa kichwa. Mkono wake haukuujua. Aliunyoosha, ukafika karibu na ukuta, ukasimama hapo, na jasho lilimtiririka mashavuni kana kwamba amerudi darini. Hakuna aliyemharakisha. Bibi Leticia alisimama uani, uso umeelekea upande wake, akingoja.

Akaweka kiganja. Alitoa sauti ndogo, kama mtoto anayechomwa sindano, ingawa hapakuwa na kitu. Akaweka na cha pili. Akaenda hatua kwa hatua kuzunguka chumba, peku, kwenye maji, akigusa na kusema, "Hapa hakuumi. Hapa hakuumi," sauti ikimkatika, hadi nyuma ya mlango, hadi kwenye swichi, hadi kwenye fremu ya chuma aliyoishika mwisho na kushindwa kuiachia, si kwa umeme, bali kwa kilio.

"Mama, nilikuambia akili zako zimechoka."

"Uliniambia kwa sauti kubwa."

"Nisamehe, mama!" alisema, na wa ng'ambo ya ua walisikia.

Bibi Leticia alipanda kizingiti. Alipapasa hewani mpaka akalipata bega la mwanawe, akajishikiza hapo badala ya ukutani, akaingia ndani.

"Nimesamehe," alisema. Kisha akamgeukia Aurelia. "Kitanda changu kiwekeni katikati ya chumba."

Walikiweka katikati. Mpaka leo kiko hapo, mbali na kuta zote nne, na jioni Ponsiano akirudi kutoka mashineni huacha viatu vyake nje, akaingia kumshika mama yake mkono na kumtoa uani, wakipita mlangoni ubavuubavu, wote wawili, bila kugusa chuma.